Ukishaskani makala ya fizikia, unaruhusiwa kuirusha?

Mwalimu wa fizikia anaingia maktaba, anakuta nakala ya zamani ya jarida la Physics Education la mwaka 1969. Ndani yake mna makala ya kurasa nne iitwayo "Cool?", ya Erasto Mpemba na Denis Osborne. Anatoa simu, anaskani kurasa zote, anatengeneza PDF, na kabla hajafika mlangoni keshairusha kwenye grupu la walimu la WhatsApp. Jioni mwenzake anaipandisha kwenye chaneli ya Telegram yenye wanafunzi wa kila mkoa. Hakuna aliyetoza hata senti. Je, kuna aliyevunja sheria?

Aliyeskani ili ajisomee, hapana. Aliyepandisha kwenye chaneli, ndiyo, isipokuwa kama ana ruhusa. Aliyerusha kwenye grupu yuko katikati, na hapo ndipo penye maneno.

Makala hiyo nimeichagua makusudi. Wengi tunaijua habari yake: mwaka 1963 Mpemba, akiwa kidato cha tatu Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Akaona nafasi kwenye jokofu inaisha, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, nayo yakaganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipouliza sababu, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza tena Dk. Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam aliyekuwa amewatembelea, naye Osborne akarudi chuoni kulijaribu jambo hilo badala ya kulicheka. Sasa mtu akiishika makala hiyo husema: hii ni yetu, kaiandika Mtanzania, inahusu shule yetu, tena ni ya zamani. Nani wa kunikataza? Sheria haiulizi lolote kati ya hayo. Inauliza mtunzi alifariki lini, na haki za kunakili na kusambaza anazo nani leo.

Tuanze na umri, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inailinda kazi kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Watunzi wakiwa zaidi ya mmoja, hesabu huanzia kwenye kifo cha yule wa mwisho. Osborne alifariki mwaka 2014. Kwa hiyo hata tukimhesabu yeye peke yake, makala hiyo haiwezi kuwa huru hapa kwetu kabla ya mwaka 2064 kwisha. Uingereza, nyumbani kwa jarida lenyewe, kipimo ni miaka 70, yaani si kabla ya 2084 kwisha. Karatasi imeshageuka rangi ya chai, lakini kisheria bado mbichi.

Linganisha na Albert Einstein. Makala zake mashuhuri zilitoka mwaka 1905 kwenye jarida la Kijerumani la Annalen der Physik, naye akafariki Aprili 1955. Kwa kipimo cha miaka 50, ulinzi wake uliisha mwisho wa 2005. Kwa Wajerumani wenyewe, wenye miaka 70, ilibidi wasubiri hadi mwisho wa 2025. Hapo nazungumzia maandishi ya Kijerumani. Tafsiri ina hakimiliki yake, na miaka ya mfasiri huhesabiwa kivyake. Ukiskani kitabu cha Kiingereza chenye makala za Einstein, tazama kwanza nani aliyefasiri na lini alifariki.

Kuhusu mwenye haki, usidanganywe na jina lililo juu ya makala. Kwa miaka mingi majarida ya sayansi yamekuwa yakimtaka mwandishi asaini hati ya kuhamisha hakimiliki kabla makala haijachapwa. Akishasaini, kunakili na kusambaza ni mali ya mchapishaji, isipokuwa yale aliyobakishiwa kwenye hati hiyohiyo. Ndiyo maana mhadhiri anaweza kukutumia PDF ya kazi yake mwenyewe kwa roho nyeupe kabisa, na bado asiwe na mamlaka ya kukuambia "isambaze". Nawaambia wahadhiri vijana: isomeni hati hiyo kabla ya kusaini, na muulize kama mnaweza kubaki na haki ya kuweka mswada wenu mtandaoni. Wachapishaji wengi hukubali.

Kinachobaki kwa mtunzi hata akishahamisha mali ni haki ya kutambuliwa na ya kazi yake kutoharibiwa. Kuna PDF zinazozunguka zikiwa zimekatwa nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, palipokuwa na majina, na badala yake umegongwa muhuri wa kituo cha tuisheni pamoja na namba ya simu. Hayo ni makosa mawili katika karatasi moja, na hilo la pili halina utetezi hata mbele ya hakimu mwenye huruma.

Sasa turudi kwenye grupu. Sheria yetu inaruhusu kunakili kwa matumizi binafsi ya faragha. Inaruhusu kunukuu, mradi utaje chanzo na mtunzi. Inaruhusu kutumia sehemu ya kazi kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa haki. Maktaba na taasisi za elimu nazo zina nafasi yao ya kunakili kwa mahitaji ya shughuli zao, bila kuharibu soko la mwenye kazi. Zanzibar wana sheria yao ya mwaka 2003. Kenya wana ya mwaka 2001, inayozungumzia matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti wa kisayansi, matumizi binafsi na uhakiki. Maneno yanatofautiana, ila hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba kwa kuwa wewe ni mwalimu, basi kila ukurasa ni wako kuurusha.

Walimu watano wa idara moja wanaoandaa kipindi cha wiki ijayo wana hoja nzuri. Grupu la WhatsApp, hata hivyo, linaweza kubeba watu 1,024. Ukilijaza, usimwambie mtu kwamba hayo ni matumizi ya faragha. Na ile hoja ya "sikuuza" ina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani: inaweza kukupunguzia fidia au adhabu, lakini haigeuzi usambazaji kuwa ruhusa.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao husahaulika, nao ndio wenye faida kubwa kwako. Hakimiliki hailindi ugunduzi, wazo, kanuni wala takwimu tupu. Inalinda namna zilivyoandikwa. Jambo la maji moto kuganda mapema halina mwenyewe. Unaweza kulieleza kwa Kiswahili chako, ukalifanya jaribio darasani kwa vikombe viwili na kipimajoto, ukachora grafu kutokana na vipimo vyako, ukarekodi video na kuirusha kwa dunia nzima bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mtaje Mpemba na Osborne, yatosha. Usichoweza kufanya ni kuifasiri makala yao sentensi kwa sentensi kisha ukaitoa hadharani, kwa sababu kutafsiri nako ni haki ya mwenye kazi. Kwa maoni yangu, maelezo ya mwalimu aliyelifanya jaribio kwa mikono yake yana manufaa zaidi kwa mwanafunzi wa kidato cha pili kuliko skani iliyopinda yenye kivuli cha kidole pembeni.

Tena fizikia ina bahati ambayo fani nyingine hazina. Tangu mwaka 1991 wanafizikia huweka miswada yao kwenye arXiv, hazina iliyoanzishwa na Paul Ginsparg na iliyolelewa kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Cornell. Kusoma ni bure. Tangu 2014 mpango wa SCOAP3, unaoratibiwa na CERN, unalipia makala za fizikia ya chembe ili zitoke wazi kwa wote. Ukiona kwenye makala leseni ya Creative Commons yenye herufi CC BY, nakili, sambaza, hata fasiri, mradi umtaje mtunzi na useme ulichobadilisha. Lakini makala kusomeka bure hakumaanishi unaruhusiwa kuipandisha kwingine. Hiyo ni ruhusa nyingine, na huandikwa.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 2011 Mmarekani mmoja aliweka mtandaoni skani za makala 18,592 za Philosophical Transactions, jarida la Royal Society ya London lililoanza mwaka 1665. Alisema zote zilitoka kabla ya 1923 na kwamba haikuwa haki kuwalipisha watu ili wazisome. Mwaka huohuo Royal Society ikazifungua bure makala zake zilizozidi miaka 70. Nakubaliana na hoja yake kuhusu kazi zilizokwisha ulinzi: kuskani si kutunga, na mashine haizai hakimiliki mpya. Ila ukumbuke kwamba tovuti unayopakulia inaweza kuwa na masharti uliyoyakubali kwa kubofya, na kuyavunja ni suala la mkataba hata kama hakimiliki imekwisha.

Ukipokea notisi ya kuondoa faili, usiingie hofu wala ubishi. Majukwaa makubwa hufuata sheria ya Marekani ya mwaka 1998: mwenye haki analalamika, faili linashushwa, nawe unapewa nafasi ya kupinga. Kupinga ni kutoa tamko chini ya kiapo na kukubali mahakama za kule, kwa hiyo usijaze fomu hiyo kwa hasira. Liache faili lishushwe, tunza notisi, kisha uliza ofisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Bara, COSOZA ukiwa Zanzibar au KECOBO ukiwa Kenya.

Na kama una haja na makala fulani leo, mwandikie mwandishi umwombe nakala yako. Uliza pia kama chuo chako kimesajiliwa kwenye Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi kama Tanzania majarida bure au kwa bei ndogo. Ukitaka kuipandisha kwa umma, mwandikie mchapishaji: taja makala, kurasa, mahali utakapoiweka na watakaoisoma. Asipojibu, hesabu kwamba amekataa, na kwenye grupu tuma kiungo peke yake.