Usikirudishe Rafuni: Ya Kufanya na Kutofanya Ukikuta Chakula Kilichopitwa na Muda

Watu wengi wakigeuza kikombe cha yogati supamaketi na kuona tarehe imepita, hukirudisha palepale, huingiza mkono nyuma ya rafu, huchukua kingine chenye tarehe nzuri na kwenda zao. Wameponya matumbo yao. Kile kikombe kitachukuliwa jioni na mama anayetoka kazini, mtoto amelala begani, ambaye hana mkono wa pili wa kugeuza kila anachonunua. Au kitachukuliwa na mzee asiyeona maandishi madogo. Maagizo haya nawaandikia wale wanaoona na kunyamaza. Ni makali kwa makusudi, maana hatuchoki kuilaumu serikali na maduka, na huku ushahidi tumeushika mkononi na kuuacha.

Usikirudishe rafuni. Hili ni la kwanza, na mengine yote yanalitegemea. Ukishaisoma tarehe, wewe ni shahidi. Kitoe kwenye rafu, kishike mkononi au kiweke pembeni mwa toroli mbali na vitu unavyonunua, kisha tazama safu nzima. Kikombe kimoja kikiwa kimepitwa, mara nyingi wenzake wa katoni ileile wako hapohapo. Duka linalofuata utaratibu hupanga kitakachoisha mapema mbele na cha baadaye nyuma. Mhudumu mwenye haraka husukuma vya zamani ndani na kupanga vipya mbele, na hivyo vya ndani hukaa hadi vikaoza. Kwa hiyo usitazame mstari wa mbele peke yake.

Soma tarehe sawasawa kabla hujafungua kinywa. Herufi MFG au MFD zinaonyesha siku bidhaa ilipotengenezwa, na wapo wanaomgombeza keshia kwa sababu wamesoma hiyo. EXP ni siku ya mwisho wa matumizi. BB au BBE maana yake ni kwamba chakula kiko katika ubora wake hadi siku hiyo. Herufi L ikifuatwa na tarakimu, hiyo kwa kawaida ni namba ya kundi la uzalishaji, si tarehe. Angalia pia mpangilio: kwetu 03/04 ni tarehe 3 mwezi wa 4, lakini kwenye kopo lililokusudiwa soko la Marekani ni tarehe 4 mwezi wa 3. Ukitatizika, linganisha na siku ya kutengenezwa.

Kanuni za kimataifa za Codex kuhusu lebo za vyakula, zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, ziliitenganisha wazi tarehe ya ubora (BB) na tarehe ya usalama (EXP). Ile ya usalama ikipita, chakula hakifai kuuzwa wala kuliwa. Biskuti zilizopita siku mbili baada ya tarehe ya ubora si sumu, na kama umezikuta kabatini kwako, amua mwenyewe. Dukani ni tofauti. Unayelipa bei kamili unastahili kitu kilicho ndani ya muda wake, kwa hiyo biskuti nazo zitolee taarifa, ila usizizungumzie kana kwamba zimeua mtu.

Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayana mjadala wowote. Hata Marekani, ambako sheria ya taifa hailazimishi tarehe kwenye vyakula vingi, maziwa haya yanalazimishwa kuwa nayo, kwa sababu virutubisho hupungua kadiri muda unavyokwenda na mtoto huyo hana chakula kingine. Ukikuta kopo lililopitwa, acha ununuzi wako wote na ulishughulikie hilo kwanza.

Usiiamini pua yako. "Nimenusa, haina neno." Kauli hii nimeisikia kwa wauzaji na kwa wanunuzi. Kati ya mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipigwa na mlipuko wa bakteria wa listeria uliotokana na soseji nene za kuliwa bila kupikwa, zile zinazoitwa poloni. Wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 1,060 na waliokufa 216, wakiwemo watoto wachanga wengi. Shida ile ilianzia kiwandani, haikuwa ya tarehe. Lakini bakteria huyo hana harufu, na tofauti na wengi wenzake, huendelea kuzaana ndani ya friji. Ndiyo maana nyama za kuliwa bila kupikwa hupewa siku chache, na ndiyo maana siku hizo zikiisha ubaridi haukusaidii. Mjamzito asidanganywe na mtu yeyote kwamba soseji iliyolala kwenye baridi iko salama.

Tafuta kinachoificha tarehe. Hapa ndipo penye ujanja mwingi, na hapa nakusihi uende polepole.

Kibandiko cha ofa kikiwa kimekaa juu ya tarehe kamili, kibandue. Nimewahi kukibandua mwenyewe kwenye chupa ya juisi msimu wa Ramadhani, wakati rafu zimejaa ofa, na chini yake muda ulikuwa umekwisha tangu mwezi uliotangulia. Aliyekibandika alikuwa na nafasi ya kutosha upande wa pili wa chupa. Kisha tazama wino. Tarehe nyingi hupigwa kwa nukta ndogondogo, na wino huo hufutika kwa kimiminika cha kusafishia. Ukiona alama za kufutwa, au tarakimu za tarehe hazifanani na zile za namba ya kundi zilizo kando yake, au pakiti ina tarehe moja na katoni ina nyingine, hapo pana kosa kubwa kuliko uzembe.

Vinavyofungwa humohumo dukani navyo viangalie kwa jicho la pili: dengu, viungo, jibini la kukatwa, nyama. Lebo ya mizani mara nyingi hutaja siku ya kufungwa tu, na nyama ya jana ikifungwa upya leo hupata lebo ya leo. Uliza: hii imeingia lini? Mwezi Julai mwaka 2019 wanahabari wa televisheni ya NTV walionyesha jinsi nyama katika baadhi ya supamaketi za Kenya ilivyotiwa kemikali ya sodiamu metabisulfaiti ili ibaki nyekundu na ionekane mbichi. Rangi, basi, nayo si ushahidi.

Halafu kuna joto na stima. Tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ni ahadi yenye sharti: chakula kikae katika baridi inayotakiwa tangu kiwandani. Stima ikipotea Mombasa saa saba mchana, jenereta ya duka ikaendesha taa na mashine za keshia huku friji zikiachwa, ahadi hiyo imevunjika hata kama tarehe ni ya mwezi ujao. Njegere za friza zilizoshikana donge moja ziliyeyuka zikagandishwa tena. Kifuniko cha yogati kilichovimba, barafu nene ndani ya pakiti ya samaki, aiskrimu iliyonywea ikaacha pengo chini ya kifuniko: vyote hivi vitolee taarifa kama vile tarehe imepita. Kopo lililovimba usilifungue, usilitikise, na usikubali mtu akuambie limegongwa tu.

Mtafute anayehusika. Kijana unayemkuta akipanga rafu, amevaa fulana ya kampuni ya maziwa au ya mafuta, mara nyingi si mwajiriwa wa duka. Ameletwa na kampuni kupanga bidhaa zake, na saa nane atakuwa duka jingine. Keshia naye hawezi kuondoka kwenye mashine. Unayemtaka ni msimamizi wa sehemu hiyo, na akikosekana, meneja wa zamu. Sema kwa ufupi, kwa tarehe na idadi: "Samahani dada, naomba uniitie msimamizi. Yogati hizi zimepita tangu tarehe 9, leo ni tarehe 14. Nimehesabu vikombe kumi na kimoja." Akija kijana rika la mwanao, mwite mwanangu kama ndivyo unavyozoea, lakini usiilegeze sauti hadi ujumbe ukageuka mzaha. Tarehe na hesabu hazibishaniki. Maneno kama "duka lenu chafu" yanabishaniwa hadi jioni.

Usimdhalilishe mhudumu. Usimrekodi usoni ukarusha mtandaoni. Picha piga, tena uzipige vizuri: tarehe, namba ya kundi, rafu yenyewe na bei yake. Sura ya msichana wa miaka ishirini anayelipwa kidogo haina kazi katika ushahidi huo. Mara nyingi si yeye aliyeagiza mzigo mwingi kupita kiasi, na si yeye aliyekataa kuupunguza bei ulipokaribia kuisha. Tena yapo maduka yanayomkata mfanyakazi mshahara kwa bidhaa iliyoharibika, na huko ndiko kumfundisha kuzificha. Umwambie meneja hilo bila kuogopa: mfanyakazi anayeogopa kukatwa hawezi kukulindia wateja.

Usikubali kupozwa. Utaambiwa, "Chukua nyingine bure, mama, yaishe." Kama ulikuwa umelipia, kubadilishiwa au kurudishiwa pesa ni haki yako, na pokea. Lakini zawadi isiwe bei ya kunyamaza. Na bidhaa iliyopita siku ya mwisho wa matumizi usiinunue hata kwa nusu bei, hata kwa robo, hata ukiambiwa ni ya paka. Punguzo halali ni lile linalowekwa kabla ya tarehe, wazi, mnunuzi akijua anachukua kitu cha kuliwa leo au kesho. Hilo ni jambo jema na maduka yalifanye zaidi, kuliko kungoja chakula kife rafuni.

Simama mpaka zitolewe zote. Si kile kimoja ulichokishika. Msimamizi akikichukua kikombe chako, akakushukuru na kuondoka nacho, bado kumi viko palepale. Mwambie unangoja. Dakika tano zinatosha kusafisha safu moja ya friji.

Uliza zinakokwenda. Wengi hawafiki hapa. Bidhaa iliyopitwa ikitolewa rafuni huenda stoo, ikisubiri kurudishwa kwa msambazaji au kuharibiwa, na katika kusubiri huko ndimo inamopotelea. Mwezi Mei mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwasimamisha kazi maafisa 27, akiwemo mkurugenzi mkuu wa shirika la viwango, KEBS, kwa sababu ya magunia 20,000 ya sukari iliyoingizwa nchini mwaka 2018. Sukari hiyo ilikuwa imekwisha kukataliwa kuwa haifai, na ilipaswa kugeuzwa spiriti ya viwandani. Badala yake ikaachiliwa kinyemela. Kama mzigo mzima uliokataliwa rasmi unaweza kutoroka, katoni mbili za yogati kwenye stoo ya duka zitashindwaje? Uliza kama zimeandikwa kwenye daftari la bidhaa mbovu na kama zimewekwa mbali na bidhaa nzuri. Meneja anayeijua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Ukigundua ukiwa nyumbani, linganisha kwanza tarehe ya pakiti na ya risiti. Kama ulinunua ikiwa nzima ikaishia kwenye friji yako, duka halina kosa, na usilisingizie. Uongo mmoja wa mteja huwapa mameneja sababu ya kutowasikiliza wengine mia. Kama iliuzwa ikiwa imekwisha muda, itunze pakiti na kilichobaki ndani yake kwenye baridi, piga picha ya risiti kabla wino haujafifia, na urudi. Mtu akiwa amekula na anatapika au anaharisha, hospitali kwanza, pakiti mkononi, duka litangoja.

Rudi baada ya siku chache. Ukikuta rafu ni safi, mwambie msimamizi umeiona, naye anahitaji kusikia hilo. Ukikuta hali ni ileile, maneno na duka yamekwisha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kulindwa afya yake, na fidia akidhurika. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka ya kuingia dukani, kukagua na kukamata chakula kisichofaa. Nenda ofisini kwake na picha zako, umwachie nakala na uchukue jina la aliyekupokea. KEBS wapigie kwa namba yao isiyo na malipo, 1545.

Usijiambie kwamba lalamiko la mtu mmoja halifiki mbali. Huko Birmingham, Uingereza, kampuni ya Tesco ilitozwa mwaka 2021 faini ya zaidi ya pauni milioni 7.5 kwa chakula kilichopitwa na muda katika maduka yake matatu, katika kesi iliyoanza baada ya mteja kulalamika na maafisa wa afya wa jiji kwenda kutazama. Unapoandika lako, weka mambo haya: jina la duka na tawi, siku na saa, jina la bidhaa, tarehe iliyopigwa, namba ya kundi, idadi uliyoikuta, uliyemwambia mara ya kwanza na alichokujibu. Kisha tia sahihi, na namba yako ya simu, ili afisa akitaka kukuuliza akupate.