Gari la Turbo Likikosa Nguvu, Kagua Paipu Kwanza

Pikapu ya dizeli iliyozoea kupanda mlima na magunia ya viazi ikianza kulemewa na kutoa moshi mweusi, mwenye gari huambiwa upesi kwamba turbo imekufa. Turbo mpya ni ghali, na huenda tatizo ni paipu iliyopasuka au klipu iliyolegea. Ukaguzi mdogo nyumbani unaweza kuokoa pesa hizo.

Turbo ina feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka kwenye injini huzungusha ya kwanza, na ya pili husukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikivuja njiani, dizeli haiungui vizuri, ndipo moshi mweusi hutokea.

Ukaguzi ufanywe injini ikiwa imezimwa na kupoa, kwani turbo huchoma vibaya.

1. Kichujio cha hewa: kikijaa vumbi, kibadilishwe.

2. Paipu kubwa: zifuatwe kutoka turbo hadi intakula, kisha hadi injini. Mpira upindwe kidogo ili nyufa zionekane, hasa upande wa chini. Kiungo kilicholowa oili huenda ndicho kinachovuja. Klipu zikazwe.

3. Vipaipu vidogo vinavyodhibiti turbo: kimoja kikichomoka au kupasuka, gari hupoteza nguvu ingawa turbo ni nzima.

4. Feni: paipu ya kuingiza hewa ifunguliwe na mhimili uguswe kwa vidole. Kucheza kidogo kando ni kawaida. Ukisogea waziwazi mbele na nyuma, au mapanga ya feni yakikwaruza ukuta, turbo imechakaa.

Gari likitoa moshi mwingi wa buluu, lisiendeshwe. Huenda oili inapita kwenye turbo na kuungua, na injini ya dizeli inayovuta oili hiyo inaweza kuendelea kunguruma hata ufunguo ukizimwa.

Ikiwa turbo imekufa kweli, fundi aulizwe sababu kabla ya kufunga nyingine. Mhimili huo hutegemea oili ya injini. Oili ikiwa chafu au paipu yake ikiziba, turbo mpya nayo itakufa.

Mwenye gari asilipe kabla ya kuonyeshwa kilichoharibika.