Neno "Risasi" Darasani: Somo la Petroli, Ndege na Magari ya Zamani

Baadhi ya masomo ya sayansi huwashinda walimu wanafunzi kwa sababu neno moja limebeba maana tatu. Mtoto wa darasa la sita anaijua risasi ya bunduki, na tangu alipoanza shule amekuwa akiandika kwa kalamu ya risasi. Mwalimu akitamka ghafla kwamba zamani petroli ilitiwa risasi, watoto watacheka, au, lililo baya zaidi, watanyamaza na kunakili wasichokielewa. Hapana budi basi kulifungua neno kabla ya kuifungua injini. Risasi ni metali nzito, laini, ya kijivu. Risasi ya bunduki imepata jina hilo kwa kuwa hutengenezwa kwa metali hiyo. Kalamu ya risasi, kwa upande wake, haina risasi hata chembe: kilichomo ni grafiti, ambayo ni aina ya kaboni, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Dakika tano zatosha kwa kazi hii, nazo si dakika za kupotea.

Tumeichagua Mbalizi kuwa mahali pa mfano. Barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia hupita hapo, mafundi wa magari wamo kando yake, na jirani yake ndipo ulipo uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kutumika mwaka 2012. Shule iliyo katika mazingira kama hayo haitakosa mtoto wa kuuliza: "Mwalimu, ni kweli kwamba Landrover ya zamani hupata nguvu ikitiwa mafuta ya ndege?" Swali hili lisipuuzwe, maana limebeba somo zima.

Mwalimu naye aulize: ndege ipi? Ndege kubwa za abiria zitumiazo injini za jeti au tabini hutumia Jet A-1, mafuta yaliyo karibu sana na mafuta ya taa. Injini ya petroli haiwezi kwenda nayo vizuri. Itagonga, itatoa moshi na kuharibika. Ndege ndogo zenye injini za pistoni, kama zile zinazowapeleka waganga vijijini, hutumia petroli ya ndege iitwayo Avgas 100LL. Hiyo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine. Herufi LL hudokeza kwamba risasi yake ni kidogo, lakini udogo huo ni wa kulinganishwa na petroli za ndege zilizotangulia. Kiwango chake cha juu ni gramu 0.56 kwa kila lita.

Kwa nini risasi ilitiwa? Hapa pampu ya baiskeli ndiyo zana bora. Mwanafunzi azibe tundu kwa kidole, mwenzake asukume mara kadhaa, kisha waguse upande wa chini wa pampu. Itakuwa na joto, kwa maana hewa inayobanwa hupata moto. Ndani ya silinda mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa vivyo hivyo, na petroli dhaifu huweza kulipuka yenyewe pasipo utaratibu unaotakiwa. Mlipuko huo ndio mafundi wausikiao kama injini kugonga. Mwezi Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake wa kampuni ya General Motors huko Marekani waligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali ya tetraetili ya risasi huzuia kugonga. Ilionekana baadaye kuwa risasi ina kazi ya pili: huacha utando mwembamba kati ya vali na kikalio chake, hata kikalio cha chuma laini kisilike upesi.

Kazi hiyo ya pili ndiyo chanzo cha hadithi ya mafuta ya ndege. Nchi za Afrika zilikutana Dakar mwezi Juni 2001 na kukubaliana kuiacha petroli yenye risasi. Kufikia Januari 2006 nchi za kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Wenye magari ya kale duniani kote wakahofia vali zao, nao wengine wakaitazama ile petroli ya buluu.

Maoni yetu ni kwamba haifai. Injini ya Landrover ya miaka ya 1960 haibani sana, tena Mbalizi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na kugonga hupungua. Nguvu ya ziada ya kuzuia kugonga haina pa kufanyia kazi. Haiongezi mwendo hata kidogo. Petroli ya ndege hutengenezwa isigeuke mvuke kwa wepesi, kwa hiyo asubuhi za baridi za Juni na Julai gari litakuwa gumu kuwaka. Risasi iliyozidi hujikusanya kwenye plagi. Mwenye gari la namna hiyo, vali zikianza kulika, ampelekee fundi silinda hedi ili iwekwe vikalio vya chuma kigumu. Gari la kisasa lenye kisafisha moshi lisikaribishwe kabisa kwenye mafuta hayo, maana risasi hukiua kifaa hicho.

Somo la hesabu laweza kuungwa hapa. Tanki la lita 40 likijazwa Avgas litakuwa na risasi hadi gramu 22.4. Petroli ya Uingereza, kabla risasi haijaondolewa mwishoni mwa 1999, ilikuwa na gramu 0.15 kwa lita. Tanki hilohilo lingekuwa na gramu 6. Watoto wakokotoe wenyewe, kisha waulizwe: risasi hiyo huenda wapi? Sehemu kubwa hutoka na moshi, ikaangukia vumbi la barabarani, na vumbi ndilo la mtoto anayecheza. Risasi huudhuru ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari, mwezi Julai 2021. Ndege ndogo bado zinaitumia, ingawa kutafuta badala yake kunaendelea.

Walimu wanafunzi hupenda kuleta vitu halisi darasani, na kwa kawaida twawasifu. Katika somo hili petroli ya aina yoyote isiletwe. Chupa mbili za maji, moja imetiwa wino wa buluu, zatosha. Wala vipande vya risasi visipitishwe mikononi mwa watoto.

Kisha liulizwe jambo la nyumbani: nani ameona mtu akinyonya petroli kwa mpira kuihamisha? Mikono mingi huinuka. Ile ya buluu hupenya hata ngozi, na petroli isiyo na risasi nayo ikiingia mapafuni huweza kuua. Mtoto akitaja kwamba baba yake hufanya hivyo, mwalimu asimtahayarishe mzee mbele ya darasa. Aonyeshe pampu ndogo ya mkono, au achore ubaoni chombo chenye bomba kilichowekwa juu ya kingine, ili mtoto apeleke mchoro huo nyumbani.