Mafunzo Niliyopata kwa Kingamwili za Akina Mama

Nimekulia Kabuku, kando ya barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera, na kazi yangu ni maabara. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kupima kingamwili za aina moja: zile anazojitengenezea mwanamke dhidi ya malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma.

1. Kimelea hutafuta pa kujishikiza. Chembe ya damu yenye malaria ikipita kwenye wengu huchujwa, kwa hiyo kimelea huvalisha chembe hiyo protini ya kunatia. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha, kwa makondo ya akina mama wa Kisumu, kwamba vimelea vya kwenye kondo hunata kwenye kondroitini salfeti A, sukari ndefu inayoning'inia kwenye protini, jamii ya zile zinazojenga kiunzi cha nje ya seli. Mwaka 2003 kundi la Ali Salanti, Copenhagen, likaibaini protini ya kunatia yenyewe, VAR2CSA.

2. Mwanaume hana kingamwili dhidi ya protini hii. Hili ndilo lililonishangaza kuliko yote, na mpaka leo bado linanishangaza. Kwenye sahani ya vishimo 96, ambapo rangi huonyesha kwamba kingamwili zipo, huwa tunaweka pia seramu za wanaume wa huku huku Handeni na Korogwe. Mtu ameumwa malaria tangu utotoni, mwili umezoea, homa haimlazi tena kitandani. Kishimo chake hubaki hakina rangi. Cha jirani, cha mama wa watoto watano, kinaiva bluu kabla hata muda wa kusubiri haujaisha. Ukidondoshea asidi kinageuka njano iliyokolea. Kijiji kimoja, mbu wale wale. Tofauti ni kwamba mwanaume hajawahi kubeba kondo, kwa hiyo vimelea vya aina ile havikupata pa kukaa mwilini mwake.

Sasa mtazame binti mwenye mimba ya kwanza. Kishimo chake hufanana na cha mwanaume. Amekua, malaria za utotoni amezishinda, yeye na wakwe zake wanaamini ameshakuwa sugu. Kumbe kwa malaria ya kondo bado ni mgeni. Anaweza asihisi homa kabisa, na kipimo cha damu ya kidoleni kisione kitu, huku damu inampungua na mtoto anakosa uzito tumboni.

3. Joto halina huruma. Kingamwili ni protini. Ukiigandisha na kuiyeyusha mara kwa mara inapungua nguvu. Seramu igawe kwenye vichupa vidogo siku ile ile, na umeme ukikatika usifungue friza.

4. Mwenye damu anastahili jibu. Mama mmoja mtu mzima, Mzigua, aliniuliza, "Mwanangu, damu mnachukua kila siku, mmeona nini humo?" Nikamweleza kwamba yeye anazo kingamwili ambazo watafiti wa Ulaya wanahangaika kuzitengeneza kwa chanjo. Hakujali sifa hiyo. Alimgeukia mkamwana wake aliyekuwa na mimba changa: "Na huyu?" Nikasema, huyu bado hana. "SP umemeza?" akamuuliza pale pale. Binti alikuwa hajaanza kliniki, alikuwa anasubiri tumbo lionekane. Hapo nikaona jinsi tulivyochelewa kuzungumza. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, huanza kumezwa miezi mitatu ya mwanzo ikishapita, kisha kila hudhurio kwa kupishana angalau mwezi, na zinatakiwa dozi tatu au zaidi. Anayesubiri tumbo likue anajinyima dozi. Akina mama wa Muheza na Korogwe wamechangia utafiti huu tangu miaka ya 2000. Mabinti zao walipaswa kuwa wa kwanza kuyajua matokeo.

5. Chanjo bado haijamfikia mama wa mimba nyingi. Chanjo ya PAMVAC imejaribiwa Ujerumani na Benin, ile ya PRIMVAC Ufaransa na Burkina Faso, kwa watu wazima wasio na mimba. Kingamwili zilipatikana, ila nyingi zilitambua hasa aina ile ya kimelea iliyotumika kutengenezea chanjo. Seramu ya mama wa watoto watano huzuia vimelea vya nchi mbalimbali visinate. Fried na wenzake waliliandika hilo mwaka 1998. Ni sehemu ipi hasa ya VAR2CSA ambayo kingamwili za mama huyo huishika, hilo ndilo swali lililo mezani kwetu sasa.