PICHA YA JUMBA LILILOBOMOLEWA

Picha ni kitu kidogo, hata mtoto aweza kuichukua mkononi. Walakini mara nyingine hudumu kuliko jumba kubwa la mawe. Someni habari hii, nanyi mtaona.

Sinema zilipoanza, watu wengi wa Marekani walizitazama katika vyumba vidogo vya madukani, wakikaa juu ya viti vya mbao. Baadaye wenye sinema wakatambua ya kuwa mtu wa kazi hufurahi kuingia katika jumba zuri kama la mfalme, ijapokuwa kwa saa mbili tu. Ndipo wakaanza kujenga majumba makubwa. Mafundi walitumia boriti za chuma kushikilia roshani, ili nguzo zisiwazuie watu wa chini kuona.

Katika mji wa New York alikuwako bwana mmoja, Samuel Rothafel, aliyeitwa Roxy kwa jina la utani. Jumba lake, lililochorwa na Walter Ahlschlager, liliitwa kwa jina hilohilo, likafunguliwa tarehe 11 Machi 1927. Lilikuwa na viti 5,920. Ukumbi wa kuingilia ulikuwa wa mviringo, wenye nguzo ndefu. Tena palikuwa na kinanda kikubwa kilichoweza kupigwa na watu watatu pamoja. Maana picha za siku zile zilikuwa bubu, na muziki ndio ulioleta furaha au hofu mioyoni mwa watu. Usiku ule wa kwanza ilionyeshwa picha aliyocheza Bibi Gloria Swanson, naye alikuwa kijana mwenye sifa kubwa.

Miaka ikapita. Baada ya vita ya pili ya dunia watu walipata televisheni nyumbani mwao, na viti vingi vya sinema vikakaa vitupu. Lakini ardhi ya katikati ya mji ilizidi kuwa na thamani. Basi mwaka 1960 jumba la Roxy likabomolewa, ili pajengwe nyumba ya maofisi. Lilikuwa limeishi miaka 33 tu.

Kabla kifusi hakijaondolewa, mpiga picha Eliot Elisofon alimwita Bibi Swanson, ambaye sasa alikuwa na umri wa miaka 61. Alisimama katikati ya magofu, amevaa nguo nzuri ya usiku, ameinua mikono yake juu. Nyuma yake kuta zimevunjika, na mwanga waingia mahali palipokuwa na giza la sinema. Atazamaye picha ile huona mambo mawili pamoja: fahari iliyokuwako, na hasara iliyopatikana.

Jumba jingine la mji ule, Radio City, lililofunguliwa mwaka 1932, nalo lilikaribia kufungwa mwaka 1978. Lakini watu walipaza sauti, na mwaka uleule ukumbi wake ukawekwa chini ya ulinzi wa sheria. Hata leo watu huingia na kuketi humo.

Basi picha ni njema, maana hutukumbusha. Lakini hakuna awezaye kuketi ndani ya picha. Kitu chema kitunzwe kingali kizima.

MASWALI
1. Kwa nini sinema za kwanza zilihitaji kinanda?
2. Jumba la Roxy lilibomolewa kwa sababu gani?
3. Je, katika mji au kijiji chenu liko jengo la zamani linalofaa kutunzwa? Elezeni sababu.