Darubini ya Kizamani kwa Bunduki ya Risasi Moja: Anza na Vishikio

Bunduki ya risasi moja haina magazini. Unaifungua, unatia risasi kwa mkono, unafunga, unapiga, unatoa ganda, kisha unaanza upya. Historia yetu inaifahamu: Mauser ya 1871, ya baruti yenye moshi mzito, bado ilikuwa mikononi mwa askari wengi wa Wajerumani Afrika Mashariki vita vilipoanza mwaka 1914. Lakini darubini tunazozungumzia hapa zina kwao, na kwao ni Marekani. Huko ndiko William Malcolm wa Syracuse, New York, alikoanza kuziunda mwaka 1855, na ndiko bunduki kama Sharps ya 1874, Remington Rolling Block na Winchester ya 1885 zinakoendelea kutumika katika mashindano ya shabaha.

Mashindano yenyewe yanaeleza mengi kuhusu kifaa. Walengaji hupiga sanamu za chuma: kuku mita 200, nguruwe mita 300, bata mzinga mita 385 na kondoo dume mita 500. Ni mchezo uliotoka Mexico. Risasi inayopendwa ni ya aina ya .45-70, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873. Ni nzito na inakwenda polepole. Ikifika mita 500 imeshaanguka zaidi ya mita 10 chini ya mstari wa mtutu. Darubini yoyote utakayochagua lazima iweze kulipa deni hilo, halafu irudi ilipokuwa kwa ajili ya kuku wa mita 200.

Inatofautiana vipi na darubini ya kisasa?

Katika darubini ya kisasa, bomba limefungwa likafungika, na msalaba wa nyuzi ndio unaosogezwa ndani kwa vifundo vya juu na vya ubavuni. Katika ile ya kizamani mambo ni kinyume: nyuzi zimetulia ndani, na bomba zima ndilo linalosogea. Kishikio cha mbele ni bawaba tu. Kishikio cha nyuma kina skrubu mbili za kupimia, moja ya juu na moja ya pembeni, na upande wa pili spring inayolisukuma bomba lizigandamize. Ukiinua mkia wa bomba, risasi inapiga juu. Ukiusogeza kulia, inapiga kulia.

Basi kioo kinaona tu, na kipimo chote kiko kwenye vishikio. Kwa hiyo namshauri kila anayeuliza: kama fedha hazitoshi vyote viwili, weka nyingi kwenye vishikio. Kioo cha wastani kwenye kishikio imara kitakupa shabaha ileile kesho. Kioo kizuri kwenye kishikio kinacholegea kitakuonyesha vizuri sana mahali ambapo risasi haitafika.

Nafasi kati ya vishikio iwe kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, na hesabu yake si ngumu. Vishikio vya shabaha vya mtindo wa John Unertl wa Pittsburgh husogeza bomba milimita 0.0127 kwa kila mlio wa skrubu. Vikalio vyake, yaani vipande vya chuma vinavyovishika mtutuni, vikiachana inchi 7.2, yaani sentimita 18.3, mlio mmoja unahamisha pigo robo inchi kwenye yadi 100, ambayo ni kama milimita 7 kwenye mita 100. Ndiyo sababu ya namba hiyo ya ajabu, 7.2. Fundi akiviweka karibu zaidi au mbali zaidi, milio yako haitakuwa robo tena, na daftari la vipimo la mwenzako halitakufaa.

Sasa tuseme bunduki yako, ukitoka mita 200 kwenda 500, inataka mkia uinuliwe milimita 15 kwa kila mita moja ya nafasi kati ya vishikio. Vikiachana sentimita 18.3, mkia utapanda milimita 2.7 tu. Vikiachana sentimita 43, utapanda karibu milimita 6.5. Nafasi kubwa inakupa kipimo laini zaidi, lakini inadai skrubu ndefu na kishikio kirefu. Kwa hiyo kabla ya kununua muulize muuzaji swali moja: kishikio hiki kinapanda milimita ngapi, toka chini kabisa hadi juu kabisa? Anayekijua kifaa chake atajibu bila kuhangaika.

Bomba refu au fupi?

Malcolm za mwanzo zilikuwa ndefu karibu sawa na mtutu: kishikio cha mbele karibu na mdomo, cha nyuma shingoni mwa bunduki. Zinapendeza, na kwa Sharps ya wawinda nyati wa miaka ya 1870 hakuna kinachofanana nazo. Lakini bomba refu ni zito, na huteseka likigongwa. Bomba fupi hukaa lote juu ya mtutu na huacha shingo wazi.

Kabla ya kuchagua, hakikisha bunduki ni tupu, kisha igeuze mkononi uangalie nyundo. Kwenye Sharps nyundo iko ubavuni, kwa hiyo bomba hupita bila ugomvi mkubwa. Kwenye Winchester ya 1885 nyundo iko katikati, chini ya bomba kabisa, na kidole gumba lazima kipate njia ya kuivuta. Rolling Block ni ngumu kuliko zote: nyundo na mlango wake hulala nyuma vikifunguka, na bomba lililokaa chini mno litavizuia. Vuta nyundo yote, fungua mlango, jaribu kutia ganda tupu na kulitoa. Kama vidole vinabanwa mezani, vitabanwa zaidi uwanjani.

Mtutu wa pembe nane unataka kikalio bapa, wa mviringo unataka kikalio chenye mgongo. Na kwa kuwa mitutu mingi hupungua unene kuelekea mdomoni, kikalio cha mbele kwa kawaida huwa kirefu kuliko cha nyuma.

Ikuze mara ngapi?

Mara 6 inatosha watu wengi. Lenzi ya mbele katika bomba la milimita 19 ni ndogo. Tuchukue milimita 18: ukigawa kwa 6, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 3, unaolingana na mboni mchana wa jua. Ukigawa kwa 15, unabaki na milimita 1.2, picha inafifia, na mazigazi ya ardhi yenye joto yanachezacheza mbele yako.

Kwa nini bomba linasogea mbele baada ya kupiga?

Si ubovu. Katika vishikio vingi vya aina hii bunduki inarudi nyuma kwa teke, bomba linabaki mahali pake kwa uzito wake, na matokeo yake linaonekana limeteleza mbele. Hilo huilinda lenzi na nyuzi. Mtazame mlengaji mzoefu: moshi haujatawanyika, mkono wake tayari uko kwenye bomba, analivuta nyuma taratibu mpaka pete iliyo kwenye bomba inagota kishikio, kila mara kwa nguvu ileile. Wengine hufunga spring ya kulirudisha lenyewe. Ukisahau kulivuta, risasi inayofuata haitakwenda ulikotazama.

Nitoboe mtutu wa bunduki ya asili?

Hapana. Tundu jipya kwenye Sharps au Winchester ya karne ya 19 halifutiki, na thamani yake kwa wakusanyaji hushuka siku hiyohiyo. Tumia mifereji na matundu yaliyopo, au nunua nakala mpya. Za Sharps hutengenezwa Big Timber, Montana, na pia Italia na kampuni ya Pedersoli. Darubini mpya za mtindo wa kale hutengenezwa na Montana Vintage Arms, na za bei nafuu zaidi huuzwa na Hi-Lux.

Na sheria?

Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, Kenya kuna Sura ya 114 ya sheria zake. Kote leseni hutangulia bunduki. Kwa ndugu walio Marekani: darubini ya bunduki ni bidhaa inayodhibitiwa inapotoka nchini humo, hivyo usiitume nyumbani ndani ya kifurushi cha nguo kabla hujaulizia kibali.

Nitajuaje kishikio ni kizima?

Huhitaji risasi. Ifunge bunduki tupu kwenye kibanio, elekeza nyuzi kwenye alama ukutani, andika namba. Panda milio 40, nenda kulia 40, shuka 40, rudi kushoto 40. Gonga bomba kwa kidole, tazama tena. Nyuzi zikirudi palepale, lipa. Zikipotea hata kwa upana wa alama, kirudishe kishikio, hata kama kioo kimekuvutia.