Cinderella wameshamzoea

SWALI: Nafundisha darasa la pili hapa Al Sadd, Doha. Nikisoma kitabu cha picha cha Cinderella, watoto hudakia mwisho. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, hadithi ni ileile, badilisha kitabu. Tafuta The Golden Sandal cha Rebecca Hickox (1998), kilichotokana na ngano ya Iraq: anayemsaidia binti ni samaki mwekundu. Funika maandishi kwa karatasi, watoto wasimulie picha kwanza, hata kwa Kiarabu au Kimalayalam. Samaki akianza kusema, nyamaza, wakisie.

Kesho yake uwasimulie kwa mdomo Sultani Darai, kisa cha Zanzibar alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870: paa anamtajirisha maskini, kisha paa akiugua, bwana hamjali. Hapo waache wabishane. Sarufi isubiri kipindi kingine.